Soda ya Kanisa na Gesi ya Wanzuki

Vijana wa klabu ya mazingira, mlipokuja kwangu Buhongwa niwaeleze habari za hewa ukaa, yule mwenzenu mwenye miwani aliniamkia vizuri, shikamoo Bibi, nami nikaitikia marahaba. Kisha, hata hajakaa, akauliza kama ni kweli nilitumia ujana wangu wote kuweka hewa chafu kwenye vinywaji vya watoto. Niliudhika. Nimeudhika mpaka leo, na ndiyo maana naandika badala ya kuwaita tena, kwa sababu mkirudi nitawafukuza kabla sijafika katikati ya hadithi.

Ndiyo, nilikuwa naiweka. Jina langu Milembe na kazi yangu ilikuwa gesi. Pale kiwandani wengine walikuwa watu wa sukari, wengine wa chupa, wengine wa vizibo. Mimi na Fundi Masalu tulikuwa watu wa kile kinacholia chiii ukifungua soda. Hiyo ndiyo hewa ukaa. Bila sisi mngekunywa maji ya sukari yenye rangi, na mngedhani mmepewa dawa ya minyoo.

Kiwanda kilikuwa Mkuyuni, kidogo tu, mali ya Bwana Kanji, Mhindi aliyezaliwa hapahapa Mwanza. Kisukuma chake kilikuwa kizuri kuliko cha mume wangu. Kila asubuhi alipita akitusalimia "Mwangaluka," na ole wako usipoitikia.

Fundi Masalu ndiye aliyenifundisha kazi. Somo lake la kwanza lilikuwa hili: gesi ni mkwe, ukimkaribisha kwenye joto anaondoka hajala. Maana yake, maji yanayoingizwa gesi lazima yawe baridi sana. Nilicheka, nikasahau. Siku moja barafu ilituishia nami nikatumia maji ya bomba ya saa nane mchana, na nilipoona gesi haikai nikaisukuma kwa nguvu mara mbili ya kawaida. Kreti zile zilikwenda kwenye harusi ya binamu yake Bwana Kanji. Chupa zilianza kupasuka wakati baba wa bwana harusi anahutubia, moja baada ya nyingine, naye akadhani anashangiliwa, akarefusha hotuba. Tangu siku hiyo sikucheka tena habari za mkwe.

Somo la pili lishikeni hata mkisahau mengine yote. Hewa ukaa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hulala chini. Kabla hujaingia kisimani, shimoni, au kwenye chumba cha chini kilichofungwa muda mrefu, tanguliza kibatari kwa kamba. Kikizimika, na wewe usishuke. Masalu hakuachana na kibatari chake hata akienda harusini.

Sasa nifike kwenye miaka ya tisini, maana huko ndiko nilikochekea mpaka nikalia.

Zamani mitungi yetu ya gesi ilikuja kwa treni kutoka Dar es Salaam. Ilichelewa, ilipotea, mingine ililala Tabora hata ikazoeleka huko, lakini ilifika. Halafu ikaja soko huria. Ghafla mjini kukawa na kila kitu: mitumba, redio, soda za makopo kutoka nchi ambazo hatukujua kutamka majina yake. Viwanda vya minofu ya sangara vikaota ufukweni. Kilichokosekana ni gesi yetu tu, kwa kuwa wenye viwanda vikubwa walikuwa wanainunua yote kabla haijapakiwa.

Wakati huohuo kanisa moja lilikuwa limetuagiza soda za mkutano mkubwa wa injili kule Ilemela, nyingi kuliko tulivyowahi kutengeneza kwa mkupuo mmoja. Bwana Kanji akatukusanya uani.

"Mzigo huu ukienda, tunaendelea," alisema. "Usipokwenda, yule bwana anachukua jengo."

Yule bwana alikuwa mfanyabiashara wa minofu aliyetaka kugeuza kiwanda chetu kuwa ghala la barafu na samaki. Alikuwa ameshaanza kuja na futi kamba kupima kuta. Mtu mpole sana. Aliniomba nisogeze kiti apime ukuta ulio nyuma yangu, nami nikakataa kusogea, kwa hiyo akapima ukuta kasoro mimi. Nilikuwa na watoto wanne na mume asiye na kazi tangu walipopunguza wafanyakazi bandarini. Kile kiti ndicho kilichokuwa kinatulisha, na nilikuwa naogopa kweli.

Fundi Masalu hakuogopa. Yeye alikuwa na msemo wake. "Hewa ukaa haijaisha duniani," alisema, "imeisha kwenye mitungi tu." Akaanza kutaja inakotoka kama anavyotaja mtu ndugu zake: pumzi zetu, pumzi za ng'ombe, majiko ya mkaa, malori, mashamba yanayochomwa, tanuri za chokaa, majani yanayooza, ziwa lenyewe, na ule mlima wa moto kule Umasaini. "Imejaa kila mahali," akasema. "Kazi ni kuikamata."

Tukaanza na jiko la mkaa. Tulikinga moshi kwa bomba, tukaupitisha kwenye maji, tukautia kwenye pipa la kuchanganyia. Bwana Kanji akaonja, akafumba macho.

"Milembe, hii ni soda au samaki furu wa kukaushwa kwa moshi?"

Masalu mwenyewe aliumwa kichwa vibaya siku nzima. Mkaa ukiwaka bila hewa ya kutosha hutoa na gesi nyingine, ile inayoua watu wanaolala na jiko chumbani. Msiijaribu hata kwa mchezo.

Kisha tukaenda ufukweni, ambako magugumaji yalikuwa yameoza kwa wingi na tope linatoa mapovu ukilichokoa kwa mti. Tulijaza tyubu moja ya lori kwa taabu kubwa. Masalu akaleta kibatari ajiridhishe kwamba kitazimika, kama kinavyozimwa na hewa ukaa yoyote yenye adabu. Hakikuzimika. Moto ulipanda ukachukua nyusi zake zote mbili. Gesi ya matopeni, kumbe, nyingi yake ni ile nyingine inayowaka, ambayo watu huivuna kwenye mavi ya ng'ombe wakapikia. Alikaa bila nyusi muda mrefu, na kila ulichomwambia alionekana amekishangaa.

Baada ya hapo Bwana Kanji naye akapata wazo lake. Kama pumzi ya mtu ina hewa ukaa, na yeye ana wafanyakazi, kwa nini anunue? Tulikaa uani asubuhi nzima, kila mtu na tyubu yake ya lori, tunapuliza. Mtu wa sukari alizimia. Mtu wa vizibo alisema anamwona marehemu bibi yake. Yule bwana wa minofu akaja na futi kamba yake, akasimama mlangoni akatutazama, akamuuliza Bwana Kanji kwa upole kama sisi ni wagonjwa. Soda tuliyoipata ililia kidogo, chi, ikanyamaza. Pumzi unayotoa ina hewa ukaa kiasi kidogo sana, iliyobaki ni hewa ileile uliyoivuta.

Tukakata tamaa. Masalu, kupumzisha akili, akaenda kwa Mama Bhoke.

Mama Bhoke alikuwa mwanamke wa Kikurya mwenye mabega mapana, mpikaji wa wanzuki, ile pombe ya asali, pale juu mlimani kwenye mawe. Aliichachusha kwenye mapipa ya plastiki nyuma ya nyumba. Masalu alikaa chini karibu na pipa, akaweka kibatari chake pembeni awashie sigara. Kikazimika. Akakiwasha. Kikazimika tena. Akasimama wima na kikombe mkononi, na Mama Bhoke akadhani analalamikia huduma.

"Mama, hiki kinachotoka juu ya pipa unakifanyia nini?"

"Nikifanyie nini? Ni harufu hiyo. Chukua. Lakini pombe utalipa."

Hivyo ndivyo tulivyoipata. Chachu inakula sukari ya asali, inatoa vitu viwili: pombe, ambayo inabaki pipani, na hewa ukaa, ambayo inaondoka. Tulifunga midomo ya mapipa kwa mpira, tukaunga bomba, na tyubu za lori zikavimba zenyewe bila mtu kuzimia. Kiwandani tuliisafisha gesi kwa kuipitisha kwenye maji, kisha kwenye mkaa uliosagwa, unaonyonya harufu yote. Tukaishindilia kwa kompresa kwenye maji baridi, nami safari hii barafu niliisimamia mwenyewe. Chupa ya kwanza ilipofunguliwa ilitoa chiii ndefu iliyofika hadi barabarani. Bwana Kanji alinikumbatia mbele ya watu, kisha akakumbuka kwamba yeye ni Bwana Kanji, akaniachia.

Tukafanya kazi kwa furaha. Kila asubuhi vijana walisukuma tyubu zilizovimba kutoka kwa Mama Bhoke kushuka mlimani, na kreti zikawa zinapanda hadi darini. Mpaka tyubu moja ikatuponyoka. Mteremko wa kwetu mnaujua. Iliruka jiwe la kwanza, ikaruka la pili, ikapita juu ya kamba ya nguo ikaondoka na shuka, ikatua uani kwa Mzee Petro ikapasukia kwenye ua wake wa miiba. Gesi hiyo ilikuwa bado haijasafishwa. Ua mzima ukanuka wanzuki.

Mzee Petro alikuwa mzee wa kanisa. Kanisa lilelile.

"Hii inatoka wapi?" akamuuliza kijana aliyekuja mbio anahema.

"Kwa Mama Bhoke, mzee."

"Inakwenda wapi?"

"Kwenye soda ya mkutano wenu."

Kijana huyo alilelewa asiseme uongo. Sijawahi kumsamehe mama yake.

Mchana walikuja kiwandani, Mzee Petro mbele na Mchungaji Elia nyuma yake. Mchungaji alikuwa kijana mwembamba, mdadisi, mtu wa kupenda kujua kila kitu kinavyofanya kazi. Bwana Kanji akawapa viti. Bwana wa minofu alikuwepo pia, anapima dari.

"Kanisa haliwezi kunywa kitu kilicholala nyumba moja na dhambi," alisema Mzee Petro.

"Pombe imebaki kwa Mama Bhoke, mzee," alisema Masalu. "Iliyokuja huku ni hewa."

"Ilikuwa wapi kabla haijawa hewa?"

Hapo Masalu akatoa maelezo ambayo ndiyo jibu langu kwako, wewe mwenye miwani. Alisema gesi hiyo ilikuwa angani. Maua yakaivuta, nyuki wakaichukua kwenye maua, Mama Bhoke akaichukua kwa nyuki, na watu wa mkutano watainywa waibeue irudi angani ilikotoka. Inazunguka tu. Lakini ile ya mitungi ya zamani ilitengenezwa kwa kuchoma mafuta yaliyokuwa yamezikwa ardhini tangu enzi na enzi. Hiyo ni mgeni aliyefukuliwa, na akishatoka hana njia ya kurudi kwao. Gesi ni moja, povu ni moja, ila moja unairudisha ulikoikopa na nyingine unaiongeza.

"Kwa hiyo Mama Bhoke ni bora kuliko mafuta?" Mzee Petro aliuliza.

"Kwa hesabu ya hewa, ndiyo."

"Kanisa halina hesabu ya hewa," alisema Mzee Petro.

Masalu akaona bora waone kwa macho. Alileta glasi ya maji ya chokaa yaliyotuama, maangavu kama ya kunywa, akapitisha ndani yake gesi ya wanzuki kwa mrija. Maji yakabadilika yakawa kama maziwa.

"Pombe hiyo!" akasema Mzee Petro. "Imejitokeza!"

"Siyo pombe, mzee, ni hewa ukaa. Kila mtu anayo. Mtu yeyote akipuliza hapa..."

Hakumaliza. Mchungaji Elia, kwa udadisi wake, alikuwa ameshachukua glasi nyingine na mrija, anapuliza. Maji yakawa meupe, maziwa matupu. Akainua glasi juu kwenye mwanga akitabasamu, anafurahia elimu.

Bwana wa minofu akaacha kupima dari. Mzee Petro akamsogelea, akaongea kwa huzuni ya kweli.

"Mchungaji. Tangu lini?"

Jioni mji mzima ulijua kwamba mchungaji amepimwa na mashine ya kiwandani akakutwa na wanzuki. Kwaya iliacha kumsalimia. Mama mchungaji aliombewa na wanawake wenzake bila kuambiwa anaombewa nini. Na wazee wakasema kwamba mchungaji akiondolewa, mkutano unaahirishwa, na soda hawachukui. Bwana Kanji alikaa kwenye kreti akanitazama. Bwana wa minofu alileta fundi wa majokofu.

Nilikwenda mwenyewe kwa Mchungaji Elia. Nilimkuta uani anapuliza kwenye glasi za maji ya chokaa, moja baada ya nyingine, glasi zote za nyumbani.

"Mama Milembe," alisema, "hata asubuhi kabla ya chai ni nyeupe."

"Ni pumzi hiyo, Mchungaji. Pumzi ya kila mtu."

Akanitazama, nikaona wazo linaingia kichwani mwake. "Kila mtu?" akauliza. "Leteni ndoo za hayo maji Jumapili."

Jumapili tukaingia kanisani na ndoo za maji ya chokaa, mimi na Masalu asiye na nyusi, tukaketi mbele kama mashahidi. Mchungaji hakuhubiri. Alisimama madhabahuni akasema, "Ambaye pumzi yake haifanyi maji haya kuwa meupe, huyo apite mbele aniondoe." Akawapa mirija, lakini iliisha upesi, watu wakavunja vikonyo vya majani ya mpapai.

Wa kwanza alikuwa Mzee Petro. Maskini, alikuwa na mpango. Aliamua kubana pumzi kifuani, ili lolote baya lililomo litulie. Akabana, akabana, mishipa ikamtoka shingoni, kisha akapuliza taratibu kwa uangalifu. Vijana, kadiri pumzi inavyokaa kifuani ndivyo hewa ukaa inavyozidi. Glasi ya Mzee Petro ilikuwa nyeupe kuliko zote nilizoziona maishani mwangu.

Aliitazama. Akakaa kwenye benchi.

"Basi nimekunywa," alisema. "Lakini sikumbuki ni lini."

Aliyeanza kucheka alikuwa mkewe. Kisha kwaya. Kisha wakapanga mstari wote: wazee, akina mama na watoto mgongoni, bibi mmoja aliyepelekwa mbele kwa kushikwa mikono miwili, na wote, wote, wakageuza maji kuwa maziwa. Bibi yule aliporudishwa kiti chake alisema amefurahi, alikuwa hajui kama bado analo la kutoa. Mzee Petro akasimama mwishoni, akajipangusa uso, akasema kwamba ama kanisa zima ni walevi tangu kuzaliwa ama soda ni safi, na yeye kwa umri wake anachagua soda. Akaenda akamshika mchungaji mkono mbele ya watu wote na kumwomba radhi.

Siku ya mkutano tulipeleka kreti Ilemela tangu alfajiri. Jua lilikuwa kali juu ya yale mawe, watu wamejaa uwanja hadi barabarani, na mahubiri yalipofika mapumziko wakagawiwa soda wote kwa pamoja. Tulisimama nje ya uzio: mimi, Masalu, Bwana Kanji, na Mama Bhoke aliyevaa kitenge kipya. Bwana wa minofu alikuja pia, anasubiri jibu lake. Tulisikia vizibo, chiii, chiii, uwanja mzima, na Bwana Kanji akawa anavihesabu.

Kisha mhubiri akapanda jukwaani akaomba ukimya wa maombi. Umati ukainamisha vichwa. Pakawa kimya kabisa. Na katikati ya ukimya ule, soda baridi ikiwa imekutana na matumbo yenye joto, gesi ikaamua kuondoka. Alianza mmoja kule mbele. Akafuata mwingine. Halafu ulitoka mbweu mmoja wa uwanja mzima, mzito, mrefu, uliopanda mawe ya Ilemela ukarudi, na kunguru wakaruka kwenye miti.

"Hiyo ni yangu," alisema Mama Bhoke.

Masalu alikuwa anacheka bila sauti, machozi yanamtiririka. Mimi sikucheka. Nililia kabisa, kwa sauti, kama mtu aliyefiwa, kwa sababu nilijua wanangu watakula. Uwanjani watu walikuwa wananyoosha mikono, wanaomba chupa ya pili.

Bwana Kanji alimgeukia bwana wa minofu, akampa mkono kwa heshima, akamwambia atafute jengo lingine. Kisha akanitazama mimi. Majuma yale yote hakuwahi kututajia kesho, hata kwa bahati mbaya.

"Milembe," akasema, "kesho saa moja asubuhi. Usichelewe."